Pua ya Mara ya Pili na Mikono ya Bibi

Daktari wa pili aliniuliza maswali mengi, na yote niliyajibu isipokuwa moja. Aliuliza, "Baada ya ile operesheni ya kwanza, kuna mtu yeyote aliyeigusa hii pua? Kuibonyeza, kuisugua, chochote?" Mama alikuwa amekaa pembeni yangu, akajibu haraka, "Hakuna, daktari. Tulimtunza kama yai." Mimi nikaangalia chini. Sakafu ya chumba kile ina vigae vyeupe vyenye madoa ya kijivu. Niliyahesabu yale madoa mpaka swali likapita.

Naandika haya likizo ya Juni ikiwa imebaki wiki moja. Ukungu haujatoka tangu juzi, nguo hazikauki, na mimi nimechoka uchovu ambao hauishi hata nikilala. Mwaka mzima na nusu nimekuwa mtu wa pua. Mtu akinisalimia ananiangalia pua kwanza, macho baadaye.

Pua yangu ilivunjwa na ng'ombe, na hata nikilipamba vipi jambo hili linabaki hivyo hivyo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha kwanza. Niliinama kummwagia pumba, yeye akarusha kichwa kumfukuza nzi, na paji lake la uso likakutana na pua yangu. Nilisikia mlio kabla ya maumivu. Yule ng'ombe bado tunaye. Anatoa maziwa vizuri, kwa hiyo hakuna mtu aliyemkasirikia hata siku moja.

Nilipelekwa hospitali moja huko chini, joto kali, nikapigwa nusu kaputi, pua ikanyooshwa. Daktari wa kwanza alikuwa mzee mpole, anaongea kama anayeogopa kumwamsha mtu. Aliniwekea kibati chepesi juu ya pua na plasta juu yake, akasema, "Siku kumi. Usiiguse, usilalie uso, usiruhusu mtu aiguse." Mama akaitikia. Baba akaitikia. Mimi nikaitikia kwa kichwa maana kuongea nilikuwa siwezi.

Sasa niseme habari za bibi.

Bibi, mama yake baba, anakaa nyumba ya chini yetu. Ni ngazi kumi na moja za udongo kutoka mlangoni kwetu mpaka mlangoni kwake. Mwanamke yeyote wa kitongoji chetu akijifungua, mtoto analetwa kwa bibi au bibi anafuatwa. Anataka vitu vitatu tu: maji ya moto, kitambaa laini na mafuta ya kondoo. Anamkanda mtoto mikono, anamkanda miguu, anakizungusha kichwa kikae duara, na mwisho kabisa anakuja kwenye pua. Anaishika kwa vidole viwili, anaivuta kutoka juu kushuka chini, taratibu, kila asubuhi, mpaka aridhike kwamba imesimama. Nusu ya pua za kwetu zimepita kwenye vidole vile. Jumapili watu wakitoka kanisani bibi husimama mlangoni akiwaangalia nyuso mmoja mmoja, kama fundi anayekagua milango aliyoitengeneza miaka ya nyuma. "Yule nilimuwahi," ataniambia. "Yule mama yake alichelewa kumleta, unaona ilivyolala?"

Siku ya nne baada ya operesheni, mama akiwa ameenda gulioni Soni na baba yuko shambani, bibi alipanda zile ngazi na beseni lake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hebu njoo hapa kwenye mwanga."

Nilikaa kwenye mkeka, yeye kwenye kigoda. Plasta ilikuwa imelegea kwa jasho na pembe moja imenyanyuka. Akaitazama muda mrefu akitikisa kichwa.

"Wameifunika tu," akasema. "Pua haifunikwi ikapona. Nyama imelala humu ndani, isipokandwa itakaa hivi hivi mpaka unaolewa."

"Daktari amesema isiguswe, bibi."

"Daktari anajua kukata. Kukanda nani amemfundisha?"

Hapo ningeweza kusema kitu. Nimelifikiria sana hili, maana muda wa kufikiri nilipewa mwingi. Ningeweza kusema, bibi, tumsubiri mama. Lakini mimi ni mtu ambaye hata mwalimu akisoma jina langu vibaya namwitikia. Na kwetu bibi hakataliwi, hasa bibi huyu, hasa mikono ile. Na kuna jambo la tatu ambalo ninaona aibu kuliandika, lakini daftari ni langu: nilipenda. Alibandua plasta, akaloweka kitambaa, akanikanda kwanza mashavu, halafu paji la uso, halafu pua, na huku ananiimbia kwa Kishambaa vile vinyimbo vya watoto wachanga. Tangu niwe mkubwa hakuna mtu aliyenishika uso namna ile. Nilifumba macho.

Akaja kila asubuhi, baba na mama wakishaenda shambani. Akimaliza anakirudisha kibati na plasta vizuri kabisa, huwezi kujua. Siku ya tatu ya kukandwa nilisikia kitu ndani ya pua kikisema *kch*, kidogo tu, kama mtu aliyekanyaga jani kavu. Bibi hakusikia, alikuwa anaimba. Na mimi nikanyamaza.

Plasta ilipotolewa rasmi, pua ilikuwa imepinda. Ilitoka katikati ya macho vizuri, ikafika nusu ya njia ikaelekea kushoto, na tundu la kushoto likaziba. Mama alilia. Baba akasema maneno ambayo aliendelea kuyasema mwaka mzima na nusu, "Yule mzee alifanyia mazoezi uso wa mtoto wangu." Aliyasema kwa majirani, kwa watu wa kanisani, kwa makuli wanaokuja kupakia kabichi. Kila alipoyasema bibi alikuwa akiitikia, "Kweli kabisa, mwanangu," na kwa moyo wote, kwa sababu alikuwa anaamini. Kwake yeye daktari aliharibu na yeye alijaribu kuokoa. Aliyejua kilichotokea nilikuwa mimi peke yangu, na *kch* yangu.

Shuleni waliniita Kona ya Soni. Anayeijua barabara ya kutoka Mombo kupanda huku, kona juu ya kona, ataelewa. Nikiingia darasani mmoja anasema, "Jamani pisheni, kona hiyo, pigeni honi!" na darasa zima linaitika piii. Nilikuwa nacheka nao. Ukicheka nao inaisha mapema. Kilichonichosha zaidi ni pumzi. Shule yetu iko juu, nyumbani ni chini, na kupanda mlima ule kwa tundu moja la pua ni kazi ya mtu mzima. Nilikuwa nafika mdomo wazi, koo limekauka, mwalimu wa zamu anauliza, "Wewe, unakimbizwa na nani?" Nikilala nilikoroma mpaka mdogo wangu akahamia kwa bibi. Kwenye kwaya nilitolewa sauti ya kwanza nikapelekwa ya pili, halafu mwalimu wa kwaya akaniambia kwa upole nisaidie kugawa madaftari ya nyimbo.

Basi rufaa ikapatikana, tukaenda Moshi.

Daktari wa pili ni mwanamke, mwembamba, anatembea haraka kama amesahau chungu jikoni. Aliziangalia picha za kichwa changu kwenye kompyuta, akaingiza taa ndogo puani, akauliza lile swali ambalo mama alilijibu. Halafu akamwacha mama akanigeukia mimi.

"Wewe mwenyewe unataka nini?"

"Kupumua," nikasema.

"Na nini kingine?"

Akasubiri. Sijazoea watu wanaosubiri.

"Inyooke," nikasema.

"Haya, nimesikia." Akatueleza kwamba pua iliyokwisha kufanyiwa operesheni ni ngumu kuliko pua mpya, maana ndani kuna makovu na gegedu, ule mfupa laini wa pua, imebaki kidogo, hivyo atachukua kipande cha gegedu kutoka nyuma ya sikio akitumie kama mhimili. "Atasikia?" mama akauliza. "Atasikia sana tu, mama." Halafu akasema jambo ambalo nililibeba mpaka wodini. "Hii ya pili nitaifanya. Ya tatu siahidi. Hakutakuwa na cha kushonea."

Siku ya operesheni alikuja asubuhi na kalamu ya wino kunichora alama usoni. Mama alikuwa ametoka kufuata maji ya kunawa. Nilikuwa nimevaa gauni la kijani lililofungwa nyuma, nahisi baridi mgongoni. Alipoweka kalamu juu ya pua nikasema, "Daktari, iliguswa."

Akainua kalamu. "Na nani?"

"Bibi yangu. Aliikanda. Kuanzia siku ya nne. Kila asubuhi, wiki nzima."

Nilitegemea afoke. Akakaa ukingoni mwa kitanda, kitu ambacho nadhani hawaruhusiwi, akacheka kicheko cha mtu aliyekesha. "Na mimi nilikandwa," akasema, akajigusa pua yake na kifuniko cha kalamu. "Hii unayoiona ni kazi ya bibi. Mama anajua?"

"Hapana."

"Bibi mwenyewe anajua?"

"Anajua alikanda. Hajui kwamba aliharibu."

"Na safari hii atakanda?"

Nikafikiri. "Atakuja na beseni," nikasema.

"Sasa sikiliza. Ya nyumbani kwenu siyaingilii. Mimi nataka wiki mbili za plasta na wiki sita nyingine hakuna mkono juu yake, hata wako. Siwezi kupanda Lushoto kuja kukaa mlangoni. Mlinzi ni wewe." Akainama akaendelea kuchora. "Nashukuru umesema. Sasa najua makovu yale yametoka wapi."

Ya operesheni yenyewe sina la kusimulia, nililala. Niliamka na pamba puani, damu kavu mdomoni, na sikio linauma kuliko pua. Nesi akanipa maji kwa kijiko. Nilikaa wodini siku nne nikipumua kwa mdomo na kulifikiria beseni la bibi.

Wakati wa kurudi, kutoka Mombo kupanda, kila kona mama alinishika kichwa kwa viganja vyote viwili kisiyumbe. Kona ni nyingi. Tulipofika Soni ndipo aliponiachia. Nilitaka kumwambia palepale. Nikamwangalia, naye akanitabasamia kwa uchovu hivi, akaniuliza, "Niwedi?" kwa Kishambaa, yaani kama niko salama. Nikajibu niwedi.

Asubuhi ya pili nyumbani, mama na baba wakiwa shambani, nikasikia ndala za bibi kwenye ngazi. Anapanda moja, anapumzika, anapanda nyingine. Nilihesabu zote kumi na moja.

Alikuwa na beseni, birika, kitambaa kipya alichokikata kutoka kwenye kitenge chake, na kile kichupa cha mafuta ya kondoo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Pole. Wamekuchosha, naona. Hebu kaa hapa."

Sikukaa. Nilisimama nimegandia ukutani kama mtu anayepimwa urefu.

"Kaa, maji yanapoa."

"Bibi, safari hii hapana."

"Hapana nini?"

"Kukanda."

Akacheka. "Wamekutisha huko. Yule wa kwanza naye alikutisha, ukaona alivyokuharibu. Kama nisingekukanda si ingekuwa imekufika shavuni!"

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimeandika kwenye daftari hili hili maneno mazuri ya heshima, nikayakariri kama shairi la shule. Yote yalipotea. Nilichosema ni hiki, na kilitoka kwa sauti ya puani, ya kuchekesha, "Yule daktari hakuiharibu. Tuliiharibu sisi."

"Sisi nani?"

"Mimi na wewe, bibi. Ulipokuwa unanikanda ilivunjika tena. Niliisikia. Sikukuambia."

Bibi akaniangalia. Bila shaka alikuwa anasubiri nicheke au nilie, kitu cha kumwonyesha kwamba ni utoto. Halafu akaitazama mikono yake, hii na hii, mbele na nyuma. Akainuka, akalichukua beseni, akaenda mlangoni akamwaga maji yote kwenye shina la mpeasi. Yalitoa mvuke. Akashuka ngazi bila kuaga. Kitambaa kilibaki kwenye mkeka.

Siku tatu hakupanda. Nikimpelekea bada, ugali wetu wa muhogo, na mboga anapokea, anasema asante, anarudi ndani. Siku ya tatu nikiwa dirishani nilimwona jirani yetu akiingia kwake na mtoto mchanga aliyefunikwa blanketi la njano. Hata dakika tano hazikupita, akatoka. Nikamsikia akimuuliza mama yangu juu barabarani, "Mama mkwe wako anaumwa? Ananiambia mikono yake imechoka. Mtoto wangu ana siku sita, nimpeleke kwa nani mimi?"

Mama akaja ndani kuniuliza mimi. "Bibi ana nini?"

"Sijui," nikasema. Ndiyo, nilisema sijui. Nimeahidi kuandika ukweli humu.

Lakini jioni ile, tumekaa mezani, baba akauanza wimbo wake. Alikuwa anaisifu plasta mpya. "Hii inaonekana kazi ya mtu aliyesoma. Siyo yule mzee wa huko chini, aliyefanyia mazoezi..."

"Mwache huyo mtu," sauti ikasema mlangoni. Ni bibi. Hatukuwa tumezisikia ndala, alikuja pekupeku. Mama akainuka kumpa kiti, akakataa. Alisimama, mikono ameificha ndani ya kitenge.

"Mwache," akarudia. "Unamtukana mtu bure mwaka mzima. Pua ya mtoto niliikanda mimi, mbichi. Niliibandua plasta nikaikanda, nikaibandika tena. Ndiyo ikawa vile."

Mama aliniangalia, na nikajua amekumbuka lile jibu lake kwa daktari, *kama yai*. Bibi hakusema kwamba nilijua. Hakusema kwamba nilisikia nikanyamaza, na yeye akabaki akiitikia uongo kwa moyo safi. Sehemu yangu aliiruka.

"Na mimi nilijua," nikasema. Nadhani ndiyo sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kusema mezani bila kuulizwa. "Nilijua tangu siku ile ile."

Baba aliweka kijiko. Akamtazama mama yake, akanitazama mimi, akaitazama sahani. Baba yangu ni mtu wa hasira za karibu, tulikuwa tunazingoja. Akasema, "Aliyeanza ni ng'ombe."

Mama akaguna, nusu kicheko nusu kilio. Bibi akakaa. Akapewa sahani. Hatukuliongea tena, ila tangu siku hiyo baba hajamtaja yule mzee, na Jumapili iliyofuata nilimwona akimwita pembeni mmoja wa wale aliowahi kuwasimulia, akimweleza kitu huku anajikuna shingo.

Plasta ilitolewa hospitali ya hapa mjini Lushoto, wiki mbili kamili. Bibi aliomba kunisindikiza badala ya mama. Alikaa kwenye benchi, mikono ndani ya kitenge, akimwangalia nesi kama mwanafunzi. Nesi alipomaliza akanipa kioo. Imenyooka. Haijanyooka kabisa, ukiangalia kwa chini kuna kilima kidogo upande, na bado imevimba kama ya mtu aliyetoka kulia. Lakini inashuka katikati. Nesi akaniziba tundu la kulia kwa pamba, akasema vuta. Nikavuta kwa kushoto. Hewa ikaingia, baridi, mpaka ikaniuma kichwani. Ilikuja na harufu ya spiriti, na ya nguo ya bibi, moshi na kondoo. Sikujua kwamba nilikuwa nimeisahau.

"Ninaweza kuigusa?" bibi akamuuliza nesi.

"Bado, bibi. Wiki sita."

"Haya."

Anahesabu kwa Jumapili. Tukitoka kanisani ananiuliza kwa mbali, "Bado?" na mimi nasema, "Bado, bibi." Zimebaki mbili.

Juzi jirani alirudi na yule mtoto wa blanketi la njano. Bibi akaniita nikamshikie birika. Nikashuka nikidhani nitafurahi, lakini nilikuwa nimechoka tu, kama mtu aliyekwisha kubeba kuni na kuambiwa bado kuna mzigo mmoja. Alimkanda mtoto mikono, akamkanda miguu, akakizungusha kichwa. Hakuimba. Alipofika kwenye pua akasimamisha vidole hewani, akanigeukia.

"Na hii?"

Ananiuliza mimi, wa kidato cha tatu, mwenye kipande cha sikio puani. Mama wa mtoto naye akaniangalia.

"Sijui, bibi," nikasema, na safari hii ulikuwa ukweli.

Akaitazama ile pua ndogo kwa muda. Halafu akapitisha kidole kimoja juu yake, mara moja tu, bila kubonyeza, kama anayefuta vumbi kwenye kitu cha mtu mwingine. Akamfunika mtoto. Akaniambia nikamwage maji.